Shindilia Kila Tabaka

Masika yalipoanza, jiko la Mehrunnisa huko Bondeni liliingia maji. Unga ulilowa. Kuni zilitoa moshi bila moto. Na harusi ya binti yake, Amtulla, ilikuwa imekaribia.

Nyuma ya jiko palikuwa na rundo kubwa la unga wa mawe. Mumewe, Tayebali, aliuleta kutoka machimbo ya mawe ili ainue ua wao. Vibarua waliumwaga tu, ukaegemea ukuta. Mvua iliingia juu ya rundo, ikatokea chini, ndani ya jiko.

"Leo nitalikomesha," alisema Tayebali. Akapanda juu na gogo zito, akatwanga mpaka jasho likamtiririka. Juu pakawa pagumu kama sakafu.

Mvua ikarudi. Safari hii maji yalituama juu ya rundo, kisha yakafurika, yakapita dirishani na kumwagikia sufuria ya mchuzi. Mehrunnisa alicheka mpaka akakaa chini. Mara akauona ufa ukutani. Kicheko kikamkatika.

Tayebali akamwita jirani yao, Joab, msimamizi wa vibarua wa reli. Zamani Joab alifanya kazi katika mgodi wa dhahabu huko bara.

"Sabalkheri, Bi Mehrunnisa. Poleni," alisema Joab. Akautazama ufa. "Mgodini tulikuwa na vilima vya unga wa mawe uliobaki baada ya dhahabu kutolewa. Kilima kisichoshindiliwa hunywa maji, kikawa kizito, kikaporomoka. Na rundo hili linausukuma ukuta wenu."

"Lakini nimeshindilia, bwana!"

"Umeshindilia juu tu. Ndani bado ni tifutifu."

Joab akaomba mikebe miwili, akaitoboa chini. Wa kwanza aliujaza unga wa mawe bila kuubana. Wa pili aliutia unga wenye unyevu kidogo kidogo, akishindilia kila tabaka kwa mchi. Kisha akamimina maji. Mkebe wa kwanza ulivuja papo hapo. Katika ule wa pili maji yalisimama juu, yakapenya tone kwa tone.

"Kumbe!" alisema Mehrunnisa. "Unga uliolegea una nafasi, maji hupita. Ukibanwa, nafasi hufinyika. Sasa hayo maji yaliyokosa pa kupita yaende wapi?"

"Hapo ndipo penyewe, mama. Yapeni njia. Inamisheni ua uelekee ule mtaro wa nje."

Kesho yake jamaa na majirani walikusanyika. Waliuondoa unga ukutani, wakautandaza uani tabaka jembamba, wakaunyunyizia maji, wakaushindilia kwa nyimbo. Kisha tabaka jingine juu yake, na jingine. Upande wa jiko uliachwa juu, upande wa mtaro ukashuka. Fundi akaziba ufa.

Siku ya karamu mvua ilishuka kwa kishindo. Khursheed, mama wa bwana harusi, aliyekuwa amesikia habari za jiko lile, aliruka kitini.

"Mehrunnisa! Ondoeni masufuria jikoni!"

Mehrunnisa alitazama maji yakiteremka uani, yakikimbilia mtaroni. Akaendelea kupakua biriani.

"Yaache, dada," alisema. "Maji yanaijua njia yake. Lete sahani."