Maua ya Mama Yake Ghislaine

Rafiki yangu Ghislaine hakukanyaga kwao, kando ya mto Loire, hata mama yake alipokata roho. Alikwenda baadaye, Siku ya Wafu, na chungu cha maua chenye utepe, maua ambayo kule hapelekewi aliye hai.

"Ala! Leo ndiyo umemkumbuka?" jirani yao wa zamani, Bibi Perrault, alimkejeli kwenye geti la makaburi. "Alikuwa akigonga fimbo sakafuni akikuita. Mtaa mzima tulisikia, isipokuwa wewe."

"Yamepita, bibi."

"Yamekupita wewe."

Akatua chungu kaburini, akarudi kwa miguu kando ya mto, ukungu umemeza taa zote. Nyuma yake, ko, ko, ko: fimbo juu ya mawe. Akisimama, nayo kimya.

Hotelini akafungua chumba kwa ufunguo wake. Chungu kilikuwa kitandani, utepe umekunjwa vizuri pembeni yake.