Ndege Moja Tu

Kila nikitoka shule nilipitia dukani kwa baba, ambaye ni kinyozi, nikamfagilia nywele sakafuni. Niliipenda kazi hiyo kwa vichekesho vyake. Mtoto mdogo akianza kulia kwenye kiti, baba humwambia, "Bado kidogo tu, tunamaliza," ilhali nusu ya kichwa bado ni msitu. Mtoto hunyamaza, mashine huendelea kunguruma, na baada ya muda huambiwa tena, "Bado kidogo." Mimi nilikuwa nacheka mpaka naegemea ufagio. Mkuki kwa nguruwe ni mtamu.

Mama alikuwa mpishi katika hoteli moja kisiwani, mbali sana, na hatukuwa tumeonana kwa zaidi ya mwaka. Shule zilipokaribia kufungwa, mwajiri wake alitukatia tiketi. Nilifurahi, kisha nikaogopa. Mimi hata bembea hunitia kizunguzungu, na kwenye gari hutapika kabla hatujatoka mjini.

"Chiriku," baba alisema, kwani hilo ndilo jina alilonibandika kwa maneno yangu mengi, "ni ndege moja tu. Unapanda, unalala, unaamka uko kwa mama."

Nikamwamini. Nisingemwamini baba yangu, ningemwamini nani?

Kwenye ndege sikulala. Masikio yaliziba, na mfuko wa kutapikia nikaujaza mbele ya watu. Lakini nilijipa moyo kwamba ni hiyo moja tu. Tulipotua nilikimbilia msalani, nikanawa uso, nikachana nywele na kunyoosha gauni. Nikarudi nikitabasamu.

"Mama anatusubiri mlango gani?"

Baba alikuwa ametazama juu, kwenye ubao wa safari. Hakunigeukia. "Hapa tunapumzika kidogo," alisema.

"Mpaka lini?"

"Bado kidogo."

Sauti ilikuwa ileile ya dukani. Nilihisi kana kwamba nimefungwa kitambaa shingoni na kukalishwa kwenye kile kiti chake. Kabla sijasema neno, simu yake ikaita, na kwa kuwa alikuwa na mizigo mikono yote miwili, nikaipokea mimi. Alikuwa mama.

"Mwanangu, mmefika kituo cha kwanza? Pole. Jikaze, zimebaki mbili."

"Ndege mbili?" nikauliza. "Kwani ulijua?"

"Tuliona ukijua hutakubali kuja," mama akasema.

Basi walikaa wote wawili, mmoja huku na mwingine kule, wakakubaliana kunidanganya. Nilimrudishia baba simu, nikaenda kukaa chini ukutani, nikakumbatia begi langu. Chiriku hakulia tena. Moyo uliniuma, na kilichouma kuliko vyote ni kwamba nilikuwa nimejichana nywele.

Abiria walianza kupanga foleni. Baba akaja na pipi.

"Twende, mama. Hii ni fupi, kufumba na kufumbua."

"Baba," nikamwambia, "mimi si mteja wako."

Akaweka mizigo chini, akaketi sakafuni kando yangu, magoti yakimlia, watu wakitupita.

"Haya," akasema. "Si fupi. Ni usiku kucha. Huenda ukatapika tena. Halafu tutasubiri uwanja mwingine, kwenye viti vya chuma, karibu siku nzima. Ya mwisho ni ndogo, na nasikia hutikisika. Hiyo hata mimi naiogopa."

"Na nisipopanda?"

"Tutarudi nyumbani, na mama hatapata likizo nyingine hivi karibuni. Lakini nimeshakudanganya, siwezi tena kukuburuta. Amua wewe."

Hasira haikuniisha. Nilimwambia hivyo, naye akasema ni haki yangu. Nikamuuliza kama ninaweza kukaa kiti cha karibu na njia ya katikati, na kama ataomba mifuko ya kutapikia mapema. Akasema ndiyo. Nikasimama, nikabeba begi langu mwenyewe.

Usiku ule ulikuwa mrefu kweli. Ila kwa kuwa nilijua ni mrefu, sikuhangaika kuulizia mwisho wake. Nilikunywa maji kidogo kidogo, nikatembea njiani kila miguu ilipovimba, nikatapika, nikasinzia. Kwenye viti vya chuma nililala juu ya begi, na nilipoamka baba alikuwa macho, akinikinga upepo wa baridi wa kiyoyozi. Sikumshukuru. Katika ile ndege ndogo yeye ndiye aliyeushika mkono wangu mpaka vidole vikafa ganzi.

"Tumekaribia?" akauliza, macho kayafumba.

"Bado sana, Baba."

Tulipotua kisiwani, mama alikuwa mlangoni, amekonda, analia. Alinikumbatia, nami nikamkumbatia nusu nusu.

"Hakusumbua hata kidogo," baba akaanza.

"Nilisumbua," nikasema.

Baba akainamisha kichwa. "Alisumbua. Nami ndiye niliyemsumbua kwanza."

Nikamtazama mama. "Kuna lingine ambalo hamjaniambia?"

Walitazamana. Mama ndiye aliyejibu. "Lipo. Nilikuwa nirudi nyumbani mwisho wa mwaka. Nimeongezewa mwaka mwingine, na nimekubali. Tulipanga kukuambia siku ya kuondoka kwenu."

Nililia hapohapo, kati ya mikokoteni ya mizigo, na safari hii hakuna aliyeninyamazisha. Mama alipiga magoti mbele yangu akangoja.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," alisema hatimaye, "nasi hatukufika hata nusu ya safari. Mwanangu, nilidhani nikikuficha jambo zito nimekutua mzigo. Kumbe nilikutwisha gizani. Mtu akiambiwa ukweli hujipanga: huchukua maji yake, huomba mifuko yake. Akidanganywa, anabaki na shida ileile, na juu yake amepoteza wa kumwamini. Nisamehe. Na wewe usije ukamfanyia hivi unayempenda, hata kwa huruma."

Nikafuta uso kwa mkono wa gauni. "Ni mwaka mmoja, au bado kidogo?"

"Mwaka mmoja mzima," mama akasema. "Ni mrefu, na utaniuma kama utakavyokuuma wewe."

Ndipo nikamkumbatia kwa mikono yote miwili.