Ukungu wa Jicho la Kushoto

Mjomba wangu alikuwa fundi wa miwani na darubini, na kwa maringo yake mtaa mzima ulimwita Profesa. Nilifanya kazi naye miaka sita katika duka lenye meza moja na dirisha moja. Kidole gumba chake kilikuwa na kovu lililokikata katikati. Bisibisi ilimteleza ujanani.

"Kioo hakipuliziwi pumzi," alikuwa akisema kila asubuhi, hata kama hakuna aliyemwuliza. Kwanza kipulizio cha mpira, kitoe vumbi. Kisha brashi laini. Kisha tone la dawa kwenye kitambaa, si kwenye kioo, na unafuta kwa kuzungusha, kuanzia katikati kwenda pembeni. Ukimaliza, unaifungia darubini ndani ya kopo lenye vipakiti vya kukausha unyevu. Nilikuwa nayajua hayo kama jina langu.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, akaja mjane na darubini nzito ya macho mawili. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa kutazama nyota. Walimkuta juu ya paa amekaa kitini, amekata roho, darubini bado iko machoni.

"Safisheni nje tu," mjane alisema. "Kuna ukungu ndani, jicho la kushoto. Huo msiuguse."

"Mama, huo ndio ugonjwa wenyewe," mjomba akamwambia.

"Naujua. Uacheni."

Kumwambia mjomba aache uchafu ni kumwachia paka samaki alinde. Mjane alipotoka tu, akafungua skrubu. Akafuta mara tatu, ukungu ukarudi mara tatu. Hasira zikampanda, na hapo akafanya alichonikataza miaka yote sita. Akakiinamia kioo, haa, akakipulizia pumzi, akafuta. Ukaondoka. Akafunga, akatia tone la rangi nyekundu juu ya skrubu, alama yake kwamba mkono wa mwisho kufungua ni wake.

Jioni mjane alikuja, akatazama ndani. Hakugomba. Nilitamani agombe.

"Umeutoa kwa kitu gani?"

"Pumzi yangu tu, mama," mjomba akacheka.

"Haya." Akaibeba darubini yake, akaenda zake.

Kesho yake mjomba alishindwa kupanda ngazi tatu za duka. Ijumaa hakuinuka kitandani. Daktari akampima kifua, akampiga picha, akatoa damu. Mapafu yalikuwa safi.

"Hewa inaingia," alisema. "Sioni inakwenda wapi."

Jumatatu mjane akarudi. Nilikuwa peke yangu.

"Ukungu umerudi," alisema. "Nitunzie mpaka kesho. Wewe si unajua kazi?" Akatabasamu kidogo, akatoka.

Niliipeleka dirishani. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu mdogo, duara. Ukatanuka. Ukasinyaa. Ukatanuka tena. Nikajiambia ni joto la mikono yangu. Niliogopa, na mtu akiogopa hushika anachokijua. Kipulizio, brashi, tone la dawa. Kisha kopo. Kwa kawaida tunatia vipakiti viwili. Nilitia sita. Nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote. Ilikuwa saa nane mchana.

Nilipofika nyumbani kwa mjomba, mkewe alikuwa akimlowesha midomo kwa pamba. Ilikuwa imepasuka, inatoa damu.

"Imeanza saa nane," alisema. "Maji yanakauka kabla hajameza."

Mjomba akanishika mkono.

"Nani amefunga?" alinong'ona.

"Amefunga nini, mjomba?"

"Fungua."

Nilikimbia dukani. Kifuniko kikagoma. Nilikuwa nimekikaza vizuri mno. Kilipoachia, ukungu ulikuwa umebaki punje ya mchele. Nikasahau mafunzo yote. Nikakipulizia kioo pumzi yangu, nikalia, nikapulizia tena. Pumzi yangu ilibaki nje. Yake ilikuwa ndani. Ikasinyaa. Sikuiona ikitanuka tena.

Simu ikaita. Sikuipokea. Nilijua.

Mjane alikuja msibani. Alinikumbatia mbele za watu, kwa huruma kabisa, mdomo wake ukanigusa sikio.

"Wangu nilikaa naye miaka mitatu, bila kipakiti hata kimoja," alinong'ona. "Mjomba wako akamfuta. Na wewe wako umemmaliza kwa alasiri moja. Pole, mwanangu."

Namchukia mpaka leo. Najichukia zaidi.

Hakurudi kuichukua darubini. Ipo kabatini, nje ya kopo. Hakuna aliyeifungua, lile tone jekundu juu ya skrubu halina hata ufa. Juzi, mchana kweupe, niliitoa nitoe vumbi. Nikaona alama ambayo haikuwapo, kwenye jicho la kushoto. Nikafuta. Haikutoka. Nikafuta tena, nikaisogeza dirishani, nikaelewa kwamba iko upande wa ndani.

Ni alama ya kidole gumba, chenye kovu lililokikata katikati. Kimefuta kioo kwa kuzungusha, kuanzia katikati kwenda pembeni.