Niliuza Viti vya Nyumba kwa Uongo, Nikampoteza Mume Aliye Hai

Nina miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, na ninaishi Lubumbashi katika chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu. Msinihurumie kwanza. Someni hadi mwisho, ndipo mtajua kama ninastahili.

Nilizaliwa Butembo, Kivu ya Kaskazini. Mume wangu Kasereka ni wa huko huko. Alinileta Lubumbashi tulipofunga ndoa. Yeye aliendesha lori la mizigo, mimi nikapata kazi ya kushika kasa, kupokea pesa za wateja, katika depo la jumla la watu wa kwetu. Tuliishi vizuri, nisiwadanganye! Viti vya ngozi sebuleni, televisheni kubwa, friji mbili... Na maringo nilikuwa nayo, majirani watawaambia.

Halafu vita vikapamba moto mashariki. Miji ikaanguka, barabara zikafungwa, mizigo ikaacha kuja. Asubuhi moja patron, tajiri wetu, alifunga depo, akatupa mkono wa kwaheri, basi, kazi ikaisha.

Na Kasereka? Kasereka alikuwa upande ule ule, na lori lake! Simu yake ikazimika. Nilipiga na kupiga... Hakuna.

Nikawa na jambo moja tu kichwani: nisiiache ile nyumba. Mume wangu hajawahi kushika namba ya mtu yeyote kichwani, hata yangu. Akipoteza simu, atatupataje? Anachojua ni nyumba. Lazima siku akirudi agonge lango lile lile, na mimi ndiye nimfungulie.

Lakini mwenye nyumba hakutaka kusikia habari za vita, alitaka pango lake. Nilikuwa sina kazi, sina mume, nina vitu tu. Basi niuze vitu... Rahisi, sivyo?

Si rahisi! Katika ukoo nilioolewa, mke akiuza vitu vya mume asiyejulikana alipo, amekwisha kumzika. Ndugu wanakuja, wanaweka matanga, wanachukua vilivyobaki, hata nyumba ya kupanga wanairudisha. Na shemeji yangu Muhindo, mdogo wa Kasereka, anayebadilisha pesa kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hakuchoka kunipigia simu. Hakuuliza watoto wamekula nini. Aliuliza, "Bitu bya yaya biko muzuri?" Yaya, yaani kaka yake.

Nilimweleza yote rafiki yangu Solange, mtoto wa mfanyakazi wa reli, mzaliwa wa hapa. Tulikuwa chanda na pete. Yeye alikuwa akiuza vifaa vya umeme, na alinicheka.

"Weye, usiseme ni bitu bya nyumba! Andika 'arrivage'. Bantu batazania unaletaka mizigo mupya. Na shemeji yako akiona, atasema bibi ya yaya iko anafanya commerce."

Commerce, biashara! Niliona amenifungulia mlango wa mbinguni! Nikafungua ukurasa mtandaoni kwa simu, kwa jina langu. Nikasugua viti mpaka vikang'aa, nikatundika shuka jeupe nyuma yake, nikapiga picha. Nikaandika kwa mkono wangu huu: Arrivage kutoka Afrika Kusini! Mizigo mingine inakuja!

Viti vilikwenda kwa mama mmoja wa mtaa wa Luano. Televisheni ikafuata, kisha friji moja. Nikalipa pango, nikalala usingizi. Hata Muhindo alinipigia kunisifu, eti ninajikaza kama mwanaume. Nilicheka naye, nikakata simu haraka.

Baadaye Solange alikuja na makatoni ya pasi za umeme. "Niwekee hizi mu ukurasa yako, wateja banakupenda." Ningekataaje? Si yeye aliyeniokoa? Sikumwuliza zilipita mpakani vipi. Sikumwuliza chochote! Nikaziweka, na makatoni yakajaa pale viti vyangu vilipokuwa.

Mteja mmoja akaandika kwamba anataka pasi nyingi. Nikampa anwani. Akaja na mwenzake, wamevaa vizuri, wana adabu... Walipoingia wakatoa vitambulisho. Watu wa kodi!

"Mama, uko na patente?" Patente, ile karatasi ya ruhusa ya mfanyabiashara mdogo. "Na hii mizigo, papier ya douane iko wapi?"

Douane, yaani forodha. Sikuwa na karatasi hata moja. Wakaniita ofisini.

Kule ofisini nilimkuta bwana mmoja mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Aligeuza simu yake akanionyesha ukurasa wangu. Akasema, "Mama, muntu mwenye hana kazi akiuzisha kiti yake ya nyumba, ile haiko commerce. Hatumuombake patente. Lakini ni weye mwenyewe uliandika arrivage. Sasa utuambie: ulikuwa unauzisha bitu byako, ao unaletaka mizigo?"

Wenzangu, mngejibu nini? Nikisema ninaleta mizigo, ni kodi, ni faini, ni douane, na nyumba imekwenda. Nikisema ni vitu vya nyumbani, alitaka mtu wa ukoo wa mume wangu aje kuthibitisha. Yaani Muhindo! Na nyumba imekwenda vilevile.

Nilikimbilia kwa Solange, na watu wa kodi wakaja nami wamsikie. Nilimwomba aseme tu kwamba pasi ni zake. Alinitazama usoni, yule niliyemlelea mtoto alipokuwa hospitali!

"Miye? Hizo pasi, shizijue."

Akaingia ndani.

Nikachagua ukweli, kwa kuchelewa. Muhindo alifika kutoka Kasumbalesa amevaa koti. Alithibitisha kila kitu: ndiyo, viti ni vya kaka yake, televisheni ni ya kaka yake, friji pia. Yule bwana akavifutia kodi vyote, kama alivyosema. Pasi zilikamatwa, na faini ya pasi hizo niliilipa kwa kuuza friji ya mwisho.

Tulipotoka nje, Muhindo alisimama. "Shemeji, umesema weye mwenyewe mbele ya Leta, mbele ya serikali. Uliuzisha bitu bya yaya. Basi shiye tunaweka matanga."

Nililia barabarani mbele za watu. Nikamwambia hajafa! Nani ameona maiti yake?

"Mbona weye njo ulianza?" akanijibu.

Ningegoma, wangesema mimi ndiye niliyemmaliza. Wakaweka picha yake juu ya meza, wakanikalisha kwenye mkeka, wakanivika nguo nyeusi. Solange naye alikuja na mfuko wa unga, akalia kuliko wote! Kisha ukoo ukarudisha funguo kwa mwenye nyumba, wakachukua garanti, zile pesa za amana, na mimi na wanangu tukahamia hiki chumba.

Matanga yaliwekwa mvua zikianza, na zilikuwa hazijaisha Kasereka aliporudi.

Ndiyo, alirudi! Amekonda, amezungukia Zambia kwenye lori la wengine, lililopita Kasumbalesa bila kusimama. Akagonga lango letu, wakafungua wageni. Jirani alipomwona akapiga kelele akakimbia. Kasereka akaenda kwa mdogo wake, akaelezwa yote kama Muhindo anavyojua kueleza.

Alinipigia kwa simu ya Muhindo. Hakunisalimu. "Bibi, ulinizika?"

Nikaanza kueleza... pango, viti, arrivage, pasi, kodi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi.

"Ungesema tu ni bitu byetu," akasema, akakata.

Yuko Kasumbalesa kwa mdogo wake. Wachungaji wamekwenda, wamerudi. Anasema mwanaume aliyeliliwa na mkewe hana kitanda cha kurudia.

Ninyi mliopoteza kazi, nawasihi, uzeni vitu vyenu bila haya! Andikeni: ni changu, nimekitumia, shida imenifika. Waulizeni watu wa kodi kabla, si baada. Mzigo wa rafiki msiupe jina lenu, hata akiwa rafiki wa namna gani. Na ukoo waambieni mapema, wakasirike mapema, yaishe. Ukweli wangu haukuwa na kodi hata ya franka moja, na mimi niliuogopa kuliko faini.

Bado ninavaa nyeusi. Kwetu mjane havui mwenyewe, ukoo wa mume ndio unaomvua, na hakuna aliyekuja. Mume wangu yu hai hapo mpakani, na kila asubuhi ninaamka ninafunga kitambaa cha matanga yake.