Chai ya Bibi na Maua ya Daktari

Kila asubuhi Salha alifagia uwanja, akaosha vikombe vya bibi yake, kisha akaenda shule na wenzake wa mtaa wa Nzuguni. Siku hizo alifika macho mekundu na mwili mzito. Alikuwa darasa la saba, mtihani wa majaribio ulikuwa umekaribia, na usingizi, ambao watoto wengine huupata bila kuuomba, kwake ulikuwa umegoma. Aliposinzia kwenye somo la hisabati, Mwalimu Ludovick alimsimamisha mbele ya darasa zima. Salha alikasirika mpaka machozi yakamlengalenga.

Baba yake, Masudi, muuza nafaka sokoni, alikuwa amempeleka hospitali. Vipimo havikuonyesha ugonjwa wowote. Ndipo wakaenda mtaa wa Kikuyu kwa Daktari Stara, aliyesomea tiba ya asili ya Kichina hukohuko Uchina. Daktari alimshika kifundo cha mkono akahesabu mapigo, akamtazama ulimi, akamfundisha kuloweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu na kukanda nyayo. Akampa pia maua makavu. Alisisitiza yachemshwe peke yake, na kwamba kuanzia saa nane mchana Salha asiguse chai ya majani.

Sasa, Bibi Kuluthumu, mama yake Masudi, alikuwa muuza chai. Chai yake ya rangi ilisifika Nzuguni nzima: nyeusi, ya tangawizi, yenye majani ya kujaa kiganja. Alipoonja maji ya maua yale, alikunja uso akasema hayo ni maji ya kusuuzia vikombe, si ya kumpa mjukuu wake. Basi kila jioni aliyatumbukiza maua kwenye sufuria ya chai, akatia sukari, akamjazia Salha kikombe. Salha alikumbuka vizuri alichoambiwa. Alinyamaza, maana chai ilikuwa tamu na bibi aliipika kwa mapenzi.

Wiki mbili zikapita, usingizi hakuna. Masudi alichoka kungoja. Alimrudisha Salha kliniki kwa Daktari Stara huku amefura, na hata salamu aliijibu nusunusu.

“Maua unakunywa kama nilivyoelekeza?” daktari alimuuliza Salha.

“Ndiyo, daktari.”

Masudi akainuka. “Basi hii si dawa, ni utapeli. Na nitamwambia kila mtu sokoni.”

Daktari Stara hakubishana. Alifungua daftari lake, akaanza kusoma upya alichoandika, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta alipokosea. Salha alimtazama, akaona aibu.

“Baba, kosa si lake,” alisema. “Maua tunayachemsha ndani ya chai ya bibi.”

“Majani kiasi gani?” daktari aliuliza.

“Ya kujaa kiganja.”

“Kwa chai hiyo, hata mimi nisingelala.”

Masudi alikaa taratibu, akaomba radhi. Kazi ngumu ilibaki nyumbani, kumweleza mama yake. Bibi Kuluthumu alisikiliza mpaka mwisho, akachukua sufuria ndogo, akaitenga kwa ajili ya maua peke yake. Kisha akanuna. Alinuna siku tano, hazungumzi na mtu ila wateja.

Salha aliacha chai ya jioni. Usiku wa kwanza haukuwa na nafuu, wa pili hivyohivyo, akataka kukata tamaa. Juma lilipoisha alikuwa akilala mpaka anaamshwa. Mtihani ulipofika, aliufanya akiwa macho hadi swali la mwisho.

Alipotoka shuleni siku hiyo, bibi alimwita akae karibu na jiko.

“Mimi nilikosea kwa kutojua,” alisema. “Wewe ulijua ukanyamaza, ukaona kunifurahisha ni bora kuliko kuniambia kweli. Karibu baba yako amharibie mtu jina, na wewe ushindwe mtihani. Siku nyingine nikikosea, niambie. Nitanuna, mjukuu wangu, lakini kununa kwangu kunaisha.”