Dada Mkeka na Mgongo wa Mume Wangu

Mimi nina wivu. Nasema mapema, usije ukasikia kwa majirani. Mume wangu akimsifia mwanamke, hata kwa kufagia tu, usingizi wangu unaruka.

Mume wangu ni mwokaji wa mikate. Huondoka alfajiri na kurudi saa nane mchana, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Mimi ni msusi. Nasukia barazani, mteja ameketi kwenye kigoda, nami nimeinama juu ya kichwa chake. Watoto wetu wamekua, wana kwao. Nyumbani tuko wawili tu, na huo wivu wangu.

Siku moja alirudi saa tatu asubuhi. Alitembea ameinama kama mtu anayetafuta sindano chini.

"Kulikoni?" nikauliza.

"Gunia la unga. Nimeliinua kutoka sakafuni, nikageuka nalo ili nilitupe mezani. Nikasikia kah! hapa kiunoni. Usiniguse, mama!"

Nikamlaza. "Mgongo unataka kitanda," nikamwambia. "Hutoki hapo mpaka upone."

Nilimlisha kwa kijiko. Nilimletea beseni anawe hapo hapo kitandani. Na nikwambie kweli, moyoni nilifurahi kidogo. Kule kazini kuna wasichana wanne wanaofunga mikate. Sasa hakuna aliyekuwa anamwona ila mimi.

Lakini siku ya saba hali ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa amekakamaa kama ubao. Akijigeuza tu, "Ah!" Akikaa, "Ah!" Mchana huo tajiri wake akaleta ujumbe: "Namheshimu fundi wangu. Lakini mikate haingoji. Asiporudi mwisho wa mwezi, nitaweka mtu mwingine kwenye tanuri."

Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Mume wangu aligeukia ukutani. Miaka kumi na tisa amesimama mbele ya tanuri lile. Mikono yake haijui kazi nyingine.

"Mwite Dada Mkeka," mteja wangu akanishauri. Nusu ya kichwa chake ilikuwa imesukwa, nusu imesimama. "Ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo pale kituo cha afya. Jioni huwapitia wagonjwa majumbani. Mjomba wangu alikuwa hawezi hata kuvaa viatu. Sasa anatembea mpaka anaudhi."

"Kwa nini mnamwita Dada Mkeka?"

"Anatembea na mkeka wake kwapani."

Mkono wangu ukasimama kwenye nywele. Mwanamke anabeba mkeka wake mwenyewe, anaingia nyumba za watu! Toba! Lakini tanuri lilikuwa linatuponyoka. Nikameza mate, nikamwita.

Akaja. Loo! Kijana, mwembamba, sauti laini. Tena ana mwanya. Nikasema moyoni, haya, nimekwisha.

Akatandika mkeka sakafuni, akakaa mbali na kitanda. Kwanza aliuliza maswali.

"Kaka, mguu wowote umekosa nguvu?"

"Hapana."

"Umekufa ganzi huku mapajani ndani, unapokalia? Mkojo au choo vinakutoka bila kujua, au mkojo umekataa kutoka? Una homa? Umepungua mwili bila sababu? Ulianguka?"

"Hapana, hapana. Ni gunia tu."

"Vizuri. Ungejibu ndiyo hata kwa moja, nisingefungua mkeka. Ningekupeleka hospitali sasa hivi. Hayo si ya kutibiwa nyumbani." Kisha akanigeukia mimi. "Mama, amelala siku ngapi?"

"Saba," nikasema kwa majivuno. "Hajashusha hata mguu."

"Ndiyo maana amekakamaa. Misuli ya mgongo ikilala sana inasahau kazi. Siku moja au mbili za kupumzika zinatosha. Baada ya hapo ni kusogea kidogo kidogo. Maumivu kidogo wakati wa kutembea hayana maana kwamba mgongo unavunjika."

Akalala yeye mwenyewe kwenye mkeka ili aonyeshe. Alilala chali, akakunja magoti. Akavuta goti moja kifuani, taratibu, akahesabu mpaka kumi, akaachia. Akavuta la pili. Kisha akaangusha magoti yote upande huu, halafu upande ule. Mume wangu akamwiga kitandani, macho hayabanduki kwake. Akaambiwa afanye hivyo asubuhi na jioni. Akaambiwa atembee mpaka mlangoni, kesho mpaka bombani, keshokutwa mpaka kwenye kona.

"Na akilala ubavu, mama, mwekee mto katikati ya magoti. Chupa ya maji ya moto, uifunge kwa kitambaa, iwekwe kiunoni dakika kumi na tano. Dawa ya maumivu mwulize mfamasia, na msizidishe kipimo. Nitarudi baada ya siku tatu. Kwaheri, kaka."

Nikamsindikiza mpaka nje. "Nani kakako?" nikamwuliza. "Mwite shemeji. Na usisumbuke kurudi. Tumeshaelewa."

Aliniangalia, akaweka mkeka kwapani, akaenda.

Niliporudi ndani, mume wangu alikuwa anatabasamu. Mara ya kwanza baada ya siku saba! "Yule dada anajua kueleza," akasema. "Nasikia nafuu tayari."

Nafuu? Mimi nimemlisha kwa kijiko wiki nzima, hakuna nafuu. Yeye kalala dakika tano kwenye mkeka, nafuu! Damu ilinichemka. Siku mbili zilizofuata nilimtazama akivuta magoti, na kila goti lilinichoma mimi. Alikuwa anahesabu kwa sauti laini, kama ya yule dada. Siku ya tatu ndiyo iliyonimaliza. "Dada Mkeka atakuja saa ngapi?" akauliza. Tena alikuwa amenyoa ndevu.

"Haji," nikasema. "Geuka kifudifudi. Mganga wako ni mimi."

"Unataka kufanya nini?"

"Nyanya yangu alikuwa akimkanyaga babu mgongoni, na babu akapona. Lala!"

Sasa nyanya yangu alikuwa mwembamba kama ufito. Mimi si mwembamba. Nikapanda. Nikakanyaga mara moja, mara mbili. Mara ya tatu mume wangu akapiga ukelele, na jirani akaangusha sufuria.

Kesho yake hakuweza kuinuka. Nilimsikia akisema na ukuta, "Basi tena. Tanuri limekwenda." Machozi yakanitoka. Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda, ndivyo wasemavyo. Lakini hapa kidonda kilikuwa changu, na aliyekonda alikuwa yeye.

Nikajifunga kitambaa kichwani, nikaenda kituo cha afya kwa miguu yangu ile ile. Nilimkuta Dada Mkeka akikunja mashuka.

"Nimemkanyaga," nikasema.

"Umemkanyaga nani?"

"Mume wangu. Mgongoni. Nilikuonea wivu, mwanangu. Niliogopa utamshika shika."

Hakucheka. "Mama, mimi sikumgusa mumeo hata kwa kidole. Aliyemgusa ni wewe, tena kwa miguu."

Nilitazama zile ndala zangu.

Alikuja mchana huo huo, pamoja na daktari wa kituo. Daktari alimpima miguu, akambonyeza uti wa mgongo polepole, akamwambia anyanyue vidole vya miguu. "Hakuna kilichovunjika," akasema. "Misuli imeumia upya. Lakini mama, mgongo haukanyagwi. Unaweza kumvunja mtu."

Daktari alipoondoka, Dada Mkeka akatandika. "Leo anayelala hapa ni wewe, mama."

"Mimi siumwi!"

"Lala tu."

Nikalala chali, nikavuta goti. Yalaa! Kiuno changu chenyewe kikanijibu. Miaka yote ya kuinama juu ya vichwa vya watu, kumbe nilikuwa nayo maumivu, nimeyazoea tu.

"Umeona?" akasema. "Pandisha kigoda cha mteja, usishushe mgongo wako. Na kila baada ya nusu saa, simama, jinyooshe. Sasa utafanya mazoezi na shemeji, asubuhi na jioni. Wewe ndiye utakayemhesabia. Mimi nitapita mara moja kwa wiki."

Alimwita "shemeji". Nikasikia vizuri.

Kuanzia hapo tulitandika mkeka wetu, tukafanya mazoezi chini wawili. Siku mbili za kwanza alisogea kidogo sana, nami sikumlazimisha. Kisha tukafika bombani. Kisha kwenye kona. Siku ya kumi tulizunguka mtaa mzima, tukipumzika njiani. Kuna siku alirudi nyuma, akaamka na maumivu, akataka kukata tamaa. "Pole pole ndio mwendo," nikamwambia. Tulitembea kidogo siku ile, lakini tulitembea.

Wiki ya mwisho Dada Mkeka alimfundisha kuinua mzigo. Tulitumia mto wa kitanda badala ya gunia. "Sogea karibu nao. Kunja magoti, si mgongo. Ukumbatie mzigo kifuani. Inuka kwa nguvu za mapaja. Ukitaka kugeuka, geuza miguu, usipinde kiuno. Na mzigo ukikuzidi, omba mwenzako. Kuomba si aibu."

"Lile gunia ni kubwa," mume wangu akasema.

"Kwa nini ulibebe zima? Lifungue, chota kwa ndoo."

Mume wangu akauweka mto chini. Miaka kumi na tisa amebeba gunia zima, na kila mwokaji pale hubeba zima, ili asionekane mlegevu.

Siku mbili kabla ya mwezi kwisha, alisimama tena mbele ya tanuri. Alimwambia tajiri wake habari ya ndoo. Tajiri naye akaagiza magunia yawekwe juu ya benchi, yasiinuliwe tena kutoka sakafuni. Wiki za kwanza mume wangu alipewa kazi nyepesi, kisha akarudia zote.

Ningeishia hapa, lakini si mnanijua? Juzi mteja wangu akaniambia, "Mumeo anawafundisha wale wasichana mazoezi, saa ya mapumziko. Wanalala chini mstari mmoja."

Kitana kikaanguka. Nilimwacha mteja na nusu kichwa, nikachukua mkeka wetu, nikaenda mbio mbio.

Niliwakuta wasichana wanne wamelala kwenye magunia matupu. Mume wangu alikuwa amesimama kule ukutani, mikono nyuma.

"Vuta goti," alikuwa akisema. "Mimi namgusa mtu? Simgusi. Nafundisha kwa mdomo tu. Mwalimu mwenyewe yuko njiani, namjua, anakuja sasa hivi na mkeka wake."

Akageuka, akaniona mlangoni. Wote wakaangua kicheko. Mkeka ukanidondoka.

Mume wangu akaja. Akasogea karibu nao, akakunja magoti, akauokota, akainuka. Nilisubiri ile "Ah!" Haikuja.

"Karibu, mwalimu," akasema, akanipa.

Nikatandika katikati ya wale wasichana, nikalala chali, nikaanza kuwahesabia. Mgongo wake umepona. Wivu wangu bado tunaufanyia mazoezi.