Maboksi ya Safu ya Tatu

Kila Jumatano, shule ilipofungwa saa saba, Chiriku alikwenda moja kwa moja kazini kwa mama yake. Jina hilo la utani alipewa na marehemu baba yake, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Mama alikuwa fundi wa mitambo ya kupozea, katika jengo lililotunza kompyuta kubwa za mji mzima: za shule, za ofisi ya maji, na za hospitali ambako bibi yake alikuwa amelazwa tangu juzi.

Ofisini kulikuwa na joto kama ndani ya tanuri. Watu walitokwa jasho, mashine zikapepewa. "Hapa mashine ndiyo mgeni wa heshima, mjukuu wangu," Msimamizi wa jengo alipenda kusema, akijifuta kipara. "Sisi ni watumishi wake." Alikuwa mzee wa mizaha, ila hakutania alipotaja mashine mpya. "Kila mwezi zinaletwa nyingine, na umeme ni uleule, maji ni yaleyale. Tunalaza watu kumi kitanda kimoja!"

Chiriku alikuwa na amri moja tu: asivuke mlango wa chuma wa chumba cha mashine.

Siku hiyo mama alikuwa nyuma ya jengo akikagua pampu. Msimamizi aliwasindikiza getini wapagazi walioleta mashine mpya, akasahau kuufunga mlango wa chuma. Ubaridi ukapenya hadi ofisini. Chiriku akatazama huku na huku, akachukua koti zito alilovaa baba yake alipokuwa akifanya kazi humo, ambalo mama hakuwahi kuliondoa kwenye msumari, akaingia.

Mashine zilipangwa kwa safu, zikivuma kama mzinga wa nyuki. Akaketi katika safu ya tatu na daftari lake la hesabu. Baada ya muda kidogo miguu ikamfa ganzi, kwani sakafu ilikuwa na matundu yaliyotoa upepo wa baridi. Kando yake palikuwa na maboksi matupu. Akayakunjua, akayatandika juu ya matundu kama mkeka. Raha iliyoje!

Aliposikia Msimamizi akikohoa, alichomoka mbio, akatundika koti na kutulia ofisini kama maji mtungini. Maboksi aliyaacha palepale.

Haikupita nusu saa, king'ora kikalia.

Msimamizi aliona mlango wa chuma uko wazi, akaufunga, akakodolea macho skrini. "Safu ya tatu! Nyuzi joto ishirini na nane!" Akanyakua simu. "Fundi, pampu imekufa?"

Sauti ya mama ikasikika ikihema. "Pampu inafanya kazi, mzee. Nafungua mabomba yote nione. Usizime kwanza!"

"Thelathini sasa. Ikifika thelathini na tano nazima, la sivyo zitaungua."

Chiriku alimsogelea. "Babu," alinong'ona, "safu ya tatu ni ya nani?"

"Ya hospitali. Wauguzi wanasoma humo dawa ya kila mgonjwa na saa yake." Akamtupia jicho. "Leo Chiriku amemeza nini? Mbona umepauka?"

Chiriku aliitazama skrini. Akilini alimwona bibi kitandani, na muuguzi akiitazama kompyuta isiyoonyesha kitu. Akisema, mama atafukuzwa kazi, na mzazi amebaki huyo mmoja. Asiposema, je?

"Thelathini na tatu," alisema Msimamizi. Kidole chake kilikuwa tayari kwenye swichi. "Nne. Ee Mungu wangu."

"Ni mimi!" Sauti ilimtoka Chiriku kama ya mtu mwingine. "Nimefunika matundu ya sakafu! Kwa maboksi!"

Msimamizi aliusukuma mlango wa chuma. Alikimbia jinsi ambavyo Chiriku hakujua kama mzee mwenye kitambi anaweza kukimbia. Chiriku alibaki peke yake mbele ya skrini, akisoma tarakimu. Thelathini na nne. Thelathini na nne. Halafu thelathini na tatu.

Mama aliingia mikono imelowa, uso umemshuka. Aliyaona maboksi mikononi mwa Msimamizi, akaelewa.

"Nisamehe, mama," Chiriku alilia. "Niliogopa watakufukuza."

Mama aliketi chini.

"Na mimi niliacha mlango wazi, fundi," alisema Msimamizi polepole. "Nitaandika makosa yote mawili katika ripoti, langu likitangulia."

Mama alipiga simu wodini. Bibi alikwisha kunywa dawa zake, na alikuwa anaulizia chai. Hapo ndipo mama alipomvuta binti yake karibu.

"Kuingia umekosa, na Jumatano utanisubiri kwa mlinzi getini. Lakini sikiliza, mwanangu. Kutandika boksi ni kosa la dakika moja, na kulitoa pia ni dakika moja. Kunyamaza ndiko kulikotufikisha ukingoni. Ukiogopa, sema huku unaogopa. Usingoje woga uishe. Baba yako alikuwa akisema chumba cha mashine hakimsubiri mtu anayeficha kosa."

Chiriku alijifuta machozi. Akayabeba maboksi yote kwa mikono miwili, hadi nje getini, bila kuambiwa na mtu.